Mirambo na Njia ya Pwani



Wiki iliyopita nilikuwa Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, nimekaa kwenye benchi la mama lishe jirani na makarasha. Wanaopajua wanajua hali yake: mashine zinasaga mawe tangu alfajiri, vumbi limepaka kila kitu rangi moja, na ukitaka kuzungumza na mtu lazima umsogelee sikio. Kijana mmoja aliyekuwa ametoka kwenye duara, shimo la kuchimbia, muda si mrefu, miguu bado ina tope, aliniuliza dhahabu yao ikishauzwa sokoni inaelekea wapi. Nikamwambia inakwenda mahali pengi, ila siku hizi hata Benki Kuu inanunua dhahabu ya humu nchini, na jengo lake kubwa la Dar es Salaam liko Mtaa wa Mirambo.

Akatafuna kidogo, akaniuliza, "Mirambo ndiye nani?"

Nilitaka kumjibu palepale, lakini wenzake walimwita, viroba vilikuwa vinapakiwa. Nikamwambia asikilize redio. Basi jioni hii nazungumza na wewe kijana wangu, na wengine wote mnaotusikiliza kutoka Shinyanga, Kahama, Geita na kwingineko.

Mirambo alikuwa mtemi. Neno hilo kwetu halihitaji tafsiri. Mtu alizaliwa katika nyumba ya utemi, akakalishwa kwenye kiti na wazee, na tangu siku hiyo mvua ikikosekana anaulizwa yeye. Mirambo alizaliwa karibu mwaka 1840, Uyowa, magharibi ya Tabora. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina alilojipatia vitani, na Wanyamwezi wanalieleza kuwa na maana ya maiti. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo alitekwa na Wangoni, wale Watuta waliopanda kutoka kusini, na kwamba kwao ndiko alikojifunza kupigana kwa vikosi vya vijana wanaotembea pamoja na kutii amri moja. Hilo la kutekwa ni simulizi la wazee. Vikosi vyenyewe kila msafiri wa wakati ule alivishuhudia. Waliitwa rugaruga, vijana wasio na mke wala shamba, wenye vitambaa vyekundu na magobole, waliotangulia kufika kabla habari zao hazijafika.

Utemi aliourithi ulikuwa mdogo. Uyowa ilikuwa nchi moja kati ya nchi nyingi za Unyamwezi, kila moja na mtemi wake, ngoma zake na ugomvi wake na jirani. Mtemi wa kawaida angetosheka kupokea ng'ombe wa kodi na pembe moja ya kila tembo aliyeuawa nchini mwake. Mirambo aliichukua Ulyankulu pia, kisha nchi nyingine, akaziunganisha. Nchi hiyo mpya ikaitwa Urambo, na jina hilo bado ni la wilaya mkoani Tabora mpaka leo.

Hebu tusimame hapa kwanza, tumlinganishe na mtawala wa mbali, maana hapa ndipo ninapomwona Mirambo alivyokuwa.

Zama hizo, huko Uingereza, alikuwepo Mskoti aliyeitwa George Campbell, Duke wa Argyll. Alizaliwa mwaka 1823, na alipokuwa na miaka 23 baba yake akafa. Siku hiyohiyo akawa mwenye ardhi kubwa ya magharibi ya Uskoti, mwenye kasri la Inveraray, na mwenye kiti katika bunge la malodi. Kabla hajatimiza miaka 30 alikuwa waziri. Kuanzia 1868 hadi 1874 alikuwa waziri wa mambo ya India, na ofisi ya Waingereza kule Zanzibar katika miaka hiyo ilikuwa chini ya serikali yao ya India. Maana yake, habari za njia ya Tabora, za pembe za ndovu na za vita vya Unyamwezi, ziliingia katika matawi ya serikali aliyokuwa akiisimamia mtu huyu, ambaye hakulazimika kumnyang'anya mtu yeyote kiti chake. Siasa aliikuta nyumbani, imetandikwa kama kitanda.

Mirambo alizaliwa katika nyumba ya watawala kama huyo Duke, lakini nyumba yake haikumpa bunge, wala jeshi, wala bandari. Ilimpa kiti kidogo na majirani wengi. Mengine yote aliyatafuta mwenyewe, na alianza kwa kuuliza swali ambalo watemi wengine hawakuliuliza: mali inapita wapi?

Mali ilipita njiani. Kutoka Bagamoyo msafara ulipanda Usagara, ukavuka Ugogo palipo na shida ya maji na hongo kali, yaani ada ya kupita, ukafika Tabora baada ya miezi kama mitatu. Tabora njia ziligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini-magharibi kuelekea Karagwe na Buganda. Ipo pia iliyopita huku kwetu Usukuma. Ndiyo aliyoifuata msafiri Mwingereza Speke mwaka 1858 akitokea Tabora, akaliona ziwa letu tarehe 3 Agosti. Waliobeba mizigo yote hiyo walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, pembe begani, miguu pekupeku, wakienda kuona bahari na kurudi na merikani, shanga na simulizi. Pembe iliponunuliwa huku bara bei yake ilikuwa ndogo. Ilipofika pwani ilikuwa imezaa mara nyingi. Faida ya katikati ilikwenda kwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Tabora, na nyuma yao matajiri wa Kihindi wa Zanzibar kama Taria Topan, waliokopesha bidhaa za kuanzia safari.

Kijana wa Mwakitolyo, jambo hili unalielewa kuliko mtu yeyote aliyelisoma vitabuni. Wewe unashuka kwenye duara, unapandisha mawe, mnagawana na mwenye duara na mwenye shamba. Unapeleka kiroba chako kwenye karasha, unalipa kusaga, unaosha, unakamata kwa zebaki, unachoma, unapata gramu zako chache na pointi zake. Lakini yale marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, mara nyingi unabaki kwa mwenye karasha, na ndani yake bado kuna dhahabu ambayo zebaki haikuikamata. Anaukusanya, anaupeleka kwenye mitambo ya kemikali, na anapata kwa utulivu kile ulichokikosa wewe kwa jasho. Hajaingia chini hata mara moja. Amekaa njiani tu, mahali ambapo kila jiwe lazima lipite.

Mirambo aliamua kukaa njiani. Urambo yake ilikuwa juu ya njia ya Ujiji na karibu na ile ya Karagwe, na akaanza kudai hongo kama mtawala anayedai ushuru. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa Tabora mwaka 1871 akienda kumtafuta msafiri Livingstone, ameandika kisa kilichowasha moto. Msafara wa Waarabu uliokuwa unakwenda Ujiji ulizuiwa. Mirambo alidai mapipa 5 ya baruti, bunduki 5 na robota 5 za nguo. Wakabishana, mwishowe wakalipa. Kisha akawaambia warudi walikotoka, hapiti mtu.

Waarabu wa Tabora wakaitangaza vita, na Stanley, mgeni, kijana, bunduki mkononi, akaungana nao. Agosti 1871 waliteka boma moja la Mirambo, Zimbizo. Kisha Soud bin Sayd aliongoza watu kwenda Wilyankuru, alikokuwa Mirambo mwenyewe. Wakaingia bomani na kubeba pembe na mateka. Mirambo alikuwa ametoka kwa mlango mwingine na watu wake, akalala kwenye nyasi ndefu kando ya njia ya kurudia. Walipotokea, wamelemewa na mizigo ya kuteka, aliinuka. Soud aliuawa pale, na jeshi zima la Tabora likatimua mbio. Tarehe 22 mwezi huohuo Mirambo akaingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdulla, mmoja wa wakubwa wa mji, alitoka kumkabili akauawa, na sehemu ya mji ikateketea. Stanley alikuwa Kwihara, amejifungia, akitazama moshi. Ilibidi aende Ujiji kwa kuzunguka mbali kusini. Wengi wanakijua kile kisa cha Stanley kukutana na Livingstone chini ya mwembe. Wachache wanajua kwamba alichelewa kufika kwa sababu Mnyamwezi mmoja alikuwa amefunga njia.

Vita ile ilivuta miaka. Sultani Barghash alituma askari kutoka Zanzibar, haikusaidia kitu. Na hapa nataka niwe mkweli kwenu, maana mimi ni mtu wa upande huu wa Usukuma. Mirambo simpambi. Rugaruga wake walichoma vijiji vya Usumbwa na vya mipakani mwetu, walichukua ng'ombe, walichukua watu, na wengine kati ya watu hao walifika pwani kwa minyororo. Kama kuna bibi aliyewaficha wanawe kwenye mapango ya mawe miaka ile, huenda ni kwa kusikia kwamba vitambaa vyekundu vimeonekana. Ukubwa wake na ukatili wake vilitembea pamoja, na anayemwadhimisha kwa kimoja lazima akitaje na kingine.

Lakini kinachonigusa zaidi kwake ni yale aliyoyatafuta baada ya kushinda.

Aprili 1876 Stanley alipita tena, safari hii akitokea Uganda na Karagwe. Alijiandaa kukutana na jambazi. Akaja mtu mtaratibu, sauti ya chini, macho yanayomtazama mtu sawasawa, mkarimu mno. Stanley akashangaa mwenyewe. Wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Katika kitabu chake akamwita Bonaparte wa Afrika, na sifa hiyo ikatangulia hadi London kuliko alivyoweza kutangulia mpagazi yeyote.

Mirambo aliitumia. Alikuwa ameshaelewa kwamba kufunga njia kunamletea baruti ya leo, ila hakumletei rafiki wa kesho. Alichotaka ni kufanya biashara na pwani moja kwa moja, bila kupita mikononi mwa Tabora, na kutambuliwa kama mtawala na wale wenye sauti huko. Hakujua kuandika. Akatafuta wanaojua. Mfanyabiashara Mswisi, Philippe Broyon, alisaidia kuandika barua. Mwaka 1879 wamisionari wa London walimleta daktari, Ebenezer Southon. Mtemi alikuwa na uvimbe mkononi. Southon aliupasua akautoa. Hebu fikirini: mtu ambaye nusu ya bara inatamani afe, anamnyooshea mgeni mkono akatwe kwa kisu. Tangu hapo wakawa marafiki kwelikweli, na kalamu ya daktari ikawa kalamu ya Urambo.

Barua hizo zilikwenda kwa Mskoti mwingine, John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar. Huyu hakuwa lodi. Alikuwa mtoto wa mchungaji wa kanisa huko Barry, pwani ya mashariki ya Uskoti, aliyezaliwa 1832, daktari na mjuzi wa mimea aliyewahi kusafiri na Livingstone Zambezi. Kima punju wa msitu wa Jozani, wale wenye mgongo mwekundu, kwa wataalamu wa wanyama wanaitwa kwa jina lake. Ndiye aliyemsukuma Barghash mwaka 1873 hadi soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Katika miaka yake, neno la Kirk lilikuwa na uzito ndani ya jumba la Sultani kupita neno la ndugu wa Sultani.

Kirk akamwona Mirambo kama mtu wa kushika bara. Akafikiri: kama njia zote zina mwenyewe mmoja, mwenye nguvu, anayetaka biashara, kwa nini tusiandikiane naye? Nami ninapozisoma habari hizi naona watu wawili wanaosogeleana kwa barua, mmoja bahari iko mlangoni pake, mwingine hajapata kuiona, na kati yao miezi mitatu ya miguu ya wapagazi. Kila barua ilibebwa na mtu wa kwetu aliyeifunga kwenye kijiti kilichopasuliwa asiilowanishe kwa jasho.

Mambo hayo yaliharibika kwa siku moja. Juni 1880 jeshi la Mirambo, likishirikiana na mtemi Simba, lilivamia Mpimbwe, kule kusini-magharibi. Ndani ya kijiji walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, watu wa ule msafara wa mfalme wa Ubelgiji uliojaribu kutumia tembo wa India kubeba mizigo. Wote wawili waliuawa. Mirambo alijieleza kwamba hakuwakusudia, kwamba vita yake ilikuwa na wenyeji. Naamini hivyo, maana hakuna mtu aliyekuwa na hasara kubwa kuliko yeye kwa kifo cha wale wawili. Miaka minne ya subira, ya barua, ya kuwapa wamisionari kiwanja na ulinzi, ilikatika hapo. Kirk akaacha kabisa habari ya kufungamana naye.

Tazameni mizani ilivyokuwa. Watu wangapi wa Usumbwa, wa Uvinza, wa Usukuma walikufa mikononi mwa rugaruga, na barua ziliendelea kwenda na kurudi? Wakafa Wazungu wawili, kalamu ikawekwa chini. Sisemi maisha yao hayakuwa na thamani. Nasema kwenye mizani ile ya Zanzibar na London, wafu wetu hawakuwahi kuwekwa.

Southon naye alikufa mwaka 1882, kwa ajali ya bunduki iliyomharibu mkono. Urambo ikabaki bila rafiki yake mkubwa wa kalamu. Mwaka huo Mirambo alikuwa amepatana na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za Manyema, ili misafara ipite salama. Alikuwa bado anatafuta mlango mwingine wa pwani, baada ya ule wa kwanza kufungwa.

Alikuwa na miaka kama 44 na mwili ulishaanza kumkataa alipopanda kaskazini kwa vita yake ya mwisho. Alikwenda kupigana na Ukune. Wasikilizaji wa Kahama, Ukune mnaijua, ni nchi yenu. Alifariki katika vita hiyo, tarehe 2 Desemba 1884. Mdogo wake Mpandashalo alishika kiti, akafa vitani mwaka 1890, na nchi iliyounganishwa kwa miaka 20 ikarudi kuwa vipandevipande, kila kimoja na mtemi wake.

Alichokitafuta hakiko mbali nasi: watu wa Geita na Mwakitolyo wanakumbuka jinsi dhahabu ilivyokuwa ikiuzwa vyumbani na vichochoroni, kwa mizani ya mnunuzi, kabla masoko ya madini hayajaanza mwaka 2019, la kwanza likifunguliwa Geita mwezi Machi. Mchimbaji aliyeshuhudia mabadiliko hayo anajua tofauti ya kuuza kwa mtu aliyekuvizia njiani na kuuza mahali ambapo bei imeandikwa ukutani. Mirambo alitaka bei ya pwani iandikwe Urambo. Sitafuti maneno mengine ya kumwelezea.

Na wiki ile alipokuwa akikata roho Ukune, mkutano wa mataifa ya Ulaya ulikuwa umeketi Berlin tangu tarehe 15 Novemba, ukizungumzia Afrika bila Mwafrika mezani. Mwezi huohuo wa Novemba, Mjerumani mmoja mwenye miaka 28, Karl Peters, alikuwa amevuka kutoka Zanzibar na wenzake wachache. Hakuwa na rugaruga, hakuwa na robota za kutosha, hakuwa na ruhusa ya serikali yake. Alikuwa na karatasi. Alipita Useguha, Nguru, Ukami na Usagara, kijiji kwa kijiji, akiwawekesha wazee alama chini ya maandishi ambayo hawakuweza kuyasoma, na kabla ya Krismasi alikuwa amerudi pwani. Usagara, wasikilizaji, ndiko njia ya Bagamoyo kwenda Tabora ilikopita.